Kiini si Nukta: Mafunzo Niliyopata Katika Mavi ya Chuma ya Ufipa

Mkulima wa uwanda wa Ufipa halimi miaka mingi kabla jembe lake halijagonga mavi ya chuma: bonge jeusi, zito kuliko jiwe la ukubwa huo, limejaa vitobo, na upande mmoja limeng'ang'ania udongo uliochomeka hadi ukawa kioo. Kwetu Chala, na kote Nkasi hadi mteremko wa Ziwa Tanganyika, hayo ni mabaki ya kazi ya mafundi wa Kifipa. Waliyeyusha mawe ya chuma katika malungu, matanuru ya udongo yaliyozidi kimo cha mtu mrefu, yaliyojivutia hewa yenyewe kupitia mirija ya udongo iliyopangwa chini, pasipo mtu wa kuvukuta. Kilichotoka humo kilipelekwa kintengwe, yaani tanuru dogo la kusafishia, na hapo ndipo mivukuto ilipoingia kazini. Mwaka 1958 R. Wise alichapisha maelezo ya ufundi huo katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Baadaye Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaonyesha kwamba kusini magharibi mwa nchi hapakuwa na njia moja tu ya kuyeyusha chuma.

Mimi si mwanaakiolojia. Nilisoma kemia nikaishia kuhesabu elektroni kwa kompyuta, kazi ambayo kuieleza nyumbani inachukua jioni nzima. Swali lililonirudisha kwenye mabonge yale lilikuwa dogo: yanaweza kutuambia hewa ilikuwaje ndani ya tanuru siku lilipowaka? Yanaweza, lakini njia ya kulifikia jibu inapita mahali ambapo mwanakemia hazoei kupita, ndani kabisa ya kiini cha atomu, na inamlazimu aache kukihesabu kiini hicho kama nukta.

1. Swali litangulie, ukubwa wa kiini ufuate

Vitabu vya kidato cha tano na sita huchora kiini kama nukta, na sina ugomvi navyo. Kiini cha chuma-57 kina nusukipenyo cha wastani cha femtomita 3.75, na femtomita moja ni mita moja iliyogawanywa kwa bilioni moja, kisha ikagawanywa tena kwa milioni moja. Atomu nzima ya chuma ina nusukipenyo cha femtomita zipatazo 126,000. Kiini kingekuwa punje ya haragwe yenye upana wa sentimita moja, imedondoka katikati ya shamba, ukingo wa atomu ungekuwa zaidi ya mita mia moja kutoka ilipo punje, na nafasi yote hiyo ingekuwa ya elektroni peke yake.

Kwa mambo mengi ya kemia, kuichukua punje hiyo kama nukta hakumpunguzii mtu chochote. Urefu wa kifungo kati ya atomu mbili hautabadilika, rangi ya chumvi haitabadilika, wala joto la kuyeyukia. Mfano mzuri uko jirani. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba bonde la Rukwa, lililo chini ya ukingo wa mashariki wa uwanda wetu, lina gesi nyingi ya heli. Heli hiyo ilizaliwa katika miamba ya kale. Urani na thori zilipokuwa zikioza zilirusha chembe za alfa, kila chembe ikajiokotea elektroni mbili ikawa atomu ya heli, na joto la volkano za upande wa Rungwe likaifungua gesi kutoka miambani. Maana yake ni kwamba kila atomu ya heli ya Rukwa ilianza maisha kama kiini kitupu. Na kiini hicho kinajulikana vizuri mno: kipimo kilichochapishwa mwaka 2021 kilikipa nusukipenyo cha femtomita 1.678. Lakini mtu anayetaka kujua heli inachemka katika joto gani, au mtungi mmoja utapoza mashine ya hospitali kwa muda gani, namba hiyo haitamfaa kwa lolote. Ataihitaji anayepima mwanga wa heli kwa usahihi wa tarakimu kumi na zaidi, na watu wa namna hiyo duniani wanafahamiana kwa majina.

2. Si kila elektroni inafika katikati

Niliposoma kwa mara ya kwanza kwamba elektroni huingia ndani ya kiini, nilidhani mwandishi ametia chumvi. Hakutia. Elektroni za kundi la s zina uwezekano mdogo, lakini wa kweli, wa kukutwa katikati kabisa ya atomu. Za p, d na f hukaa mbali. Nadharia ya Dirac, inayoieleza elektroni kwa uhusianifu wa Einstein, inaruhusu sehemu ndogo ya kundi la p ichungulie humo, hasa katika atomu nzito. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama ukubwa wa kiini utagusa hesabu yake, namuuliza kwanza: jambo unalolihesabu linazigusa elektroni za s karibu na katikati? Kama halizigusi, tunaweza kuendelea na chai.

Kinachotokea huko ndani si kigumu kukiona. Kiini kikiwa nukta, kadiri elektroni inavyokaribia ndivyo mvuto unavyokua, bila kikomo. Kiini kikiwa tufe lenye ukubwa, elektroni ikishaingia ndani, chaji iliyobaki nje yake haiivuti tena kuelekea katikati. Shimo la nishati linapata sakafu: kwa tufe lenye chaji iliyoenea sawasawa, katikati kuna kina cha mara moja na nusu tu ya kina cha usoni. Elektroni ya s inashikwa kwa nguvu pungufu kidogo kuliko ambavyo nukta ingeishika, na nishati yake inapanda.

3. Hidrojeni na urani hazipimwi kwa mizani moja

Katika hidrojeni kupanda huko ni elektronivolti (eV) 0.0000000046, wakati elektroni yenyewe imeshikwa kwa eV 13.6. Hiyo ni sehemu moja kati ya bilioni tatu. Katika urani iliyovuliwa elektroni zote ikabakiwa na moja, kupanda huko ni karibu eV 199 juu ya nishati ya eV 132,000 na ushei. Tumetoka kwenye sehemu ya bilioni tukafika zaidi ya sehemu moja kati ya elfu, katika jedwali lilelile la elementi.

Kanuni ya kawaida inasema mhamo huu wa nishati hukua kwa chaji ya kiini ikipigwa mara yenyewe mara nne, kisha kwa mraba wa nusukipenyo. Kuna hesabu moja ninayopenda kuwafanyisha wanafunzi ubaoni: tuanze na hidrojeni, tutumie kanuni hiyo hadi urani, tuone tunatua wapi. Tunatua kwenye eV 16. Iliyo sahihi ni 199, zaidi ya mara 12 ya hiyo. Pengo hilo ni kazi ya Einstein: karibu na kiini chenye protoni 92 elektroni inakwenda kasi inayokaribia ya mwanga, na nadharia ya uhusianifu inaivuta ijazane zaidi katikati, palepale ambapo ukubwa wa kiini una la kusema. Ndiyo maana wanaohesabu urani, iwe ya Mkuju kule Namtumbo au ya kwingineko, hawawezi kuchukua uhusianifu wakaacha ukubwa wa kiini. Hivyo viwili huja pamoja.

Lakini usiidharau hidrojeni. Mwaka 2010 watafiti katika Taasisi ya Paul Scherrer, Uswisi, waliiondoa elektroni ya hidrojeni wakaweka muoni, chembe yenye chaji ileile lakini masi ya mara 207. Muoni hukaa karibu sana na protoni, na uwezekano wake wa kuwa ndani ya protoni ni mkubwa mamilioni ya mara kuliko wa elektroni. Wakapata nusukipenyo cha protoni cha femtomita 0.842, wakati kilichokubalika hadi siku hiyo kilikuwa 0.877. Pengo la asilimia 4 likaleta ubishi wa miaka kadhaa, na vipimo vya baadaye kwa sehemu kubwa vimeelemea namba ndogo. Heli niliyoitaja juu ilipimwa kwa njia hiyohiyo.

4. Mavi ya chuma husomeka kwa sababu kiini hubadilika ukubwa

Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Chuma-57 ni asilimia 2 hivi ya chuma chote, kiwe cha jembe la dukani au cha bonge la shambani. Ukiwa na kobalti-57, ambayo nusu-uhai wake ni siku 272, kila kiini chake kinachooza hugeuka kiini cha chuma-57 kilichosisimka, na hicho kinaweza kutulia kwa kutoa mwale wa gama wa eV 14,400. Kwa kawaida kiini kikitoa mwale hurudi nyuma, kikapoteza nishati kidogo, na mwale hauwezi tena kumezwa na kiini kingine cha aina yake. Mwaka 1958, mwaka uleule Wise alipochapisha makala yake, Rudolf Mössbauer wa Ujerumani aligundua kwamba kiini kilichofungwa ndani ya fuwele kinaweza kutoa na kumeza mwale bila kurudi nyuma. Fuwele nzima hubeba mshtuko. Miaka mitatu baadaye akapewa Tuzo ya Nobel.

Kinachofanyika maabara basi ni hiki. Chanzo cha kobalti husogezwa mbele na nyuma kwa kasi ya milimita chache kwa sekunde, na sampuli hukaa mbele yake. Kasi ya milimita moja kwa sekunde hubadilisha nishati ya mwale kwa sehemu 48 za bilioni ya eV moja. Unasogeza hadi sampuli inapoanza kumeza mwale, unaandika kasi. Tofauti ya kasi kati ya sampuli na chuma kitupu ndiyo mhamo wa isoma, na unahesabiwa kwa milimita kwa sekunde, kana kwamba ni mwendo wa konokono na si siri ya atomu.

Mhamo huo unatoka wapi? Kiini cha chuma-57 kikisisimka hunywea. Nusukipenyo chake kilichosisimka ni kifupi kuliko kilichotulia kwa takriban sehemu moja kati ya elfu moja. Elektroni za s zilizomo ndani zinaliona badiliko hilo, na jinsi zinavyojazana ndivyo zinavyoliona zaidi. Kwa hiyo nishati ya mwale inabeba habari ya msongamano wa elektroni katikati ya kiini, na msongamano huo unategemea kemia iliyo nje. Kiini kingekuwa nukta kweli, mhamo wa isoma usingekuwepo kabisa, kwa kuwa nukta haina ukubwa wa kubadilika.

Sasa tuweke mavi ya chuma mbele ya chanzo. Mavi yanayotoka katika matanuru ya aina hii kwa kawaida hujaa fayalaiti, madini ya chuma na silika, ambamo chuma kimepoteza elektroni mbili. Mhamo wake katika joto la chumba ni kama 1.16. Kutu nyekundu ya hematiti, ambamo chuma kimepoteza elektroni tatu, ina mhamo wa 0.37 hivi. Pengo ni kubwa, hata mtu mwenye mashine ya kizamani analiona. Sababu yake inapendeza: chuma cha elektroni mbili zilizopotea kimebakiwa na elektroni sita za d, kile cha tatu kina tano. Elektroni za d hazifiki katikati, lakini hizo sita huwakinga wenzao wa 3s dhidi ya mvuto wa kiini zaidi ya hizo tano. Kundi la 3s linalegea kidogo, msongamano wa katikati unapungua. Na kwa kuwa kiini hunywea kikisisimka badala ya kuvimba, msongamano ukishuka, mhamo hupanda.

Fayalaiti huundwa pale moto wa makaa unapotoa monoksidi ya kaboni ya kutosha kuyanyang'anya mawe ya chuma sehemu ya oksijeni yake, na silika ikawahi kukinywa chuma kilichobaki. Ukikuta chuma kilichopoteza elektroni tatu ndani ya bonge, basi ama hewa ilikuwa nyingi mahali hapo, pengine karibu na mdomo wa mrija, ama bonge limepata kutu baada ya kutupwa. Uwanda wa Ufipa hunyeshewa kuanzia Novemba hadi Aprili, na bonge lililolala nje kwa miaka mia lina kutu ya kwake mwenyewe. Sampuli itoke ndani, si usoni. (Na kabla hujaanza kuokota: mabaki haya yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Tafuta kibali. Usiyabebe kwenye kiroba.)

Mzee mmoja wa jirani, niliyemwamkia shikamoo na kumweleza kazi yenyewe, alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mjukuu wangu, unapima hewa ya tanuru?"

"Ndiyo, babu."

"Hiyo hewa ilishatoka zamani."

Sijapata maelezo mafupi kuliko hayo ya ugumu wa akiolojia.

5. Msongamano wa katikati ya nukta hauna mwisho

Maabara hutoa kasi. Anayehesabu hutoa msongamano. Kuziunganisha namba hizi mbili ndiyo kazi yangu, na hapo kiini-nukta huleta shida ya kweli.

Ukihesabu atomu ya chuma kwa mlinganyo wa Schrödinger, msongamano wa katikati ni elektroni 11,800 hivi kwa ujazo wa bohr moja, na bohr moja ni femtomita 52,900. Ukiuleta uhusianifu unapanda kufikia karibu 15,000. Tofauti tunayoitafuta kati ya chuma cha fayalaiti na cha hematiti ni vizio vitatu hivi. Vitatu, kutoka kwenye maelfu. Na zaidi ya tisa kwa kumi ya maelfu hayo ni elektroni za 1s na 2s, ambazo habari za tanuru hazizihusu.

Sasa tumia mlinganyo wa Dirac wa mwaka 1928 ukiacha kiini kiwe nukta. Msongamano hauna mwisho. Haulipuki kwa kishindo, na huo ndio udanganyifu wake: kwa chuma, kila unaposogea mara kumi karibu zaidi na katikati, unaongezeka kwa karibu asilimia 9. Asilimia 9 ya 15,000 ni zaidi ya 1,300, nasi tunatafuta 3. Namba utakayoipata haitaamuliwa na chuma bali na mahali ambapo fomula unazojengea umbo la elektroni zimeishiwa pumzi. Ukimpa mwenzako faili atumie fomula zenye ncha kali zaidi, atapata namba nyingine, na nyote wawili mtakuwa hamjapima kitu. Kipe kiini ukubwa wake na tatizo linaisha. Msongamano unapofika ndani ya tufe hutulia, na namba inakuwa mali ya atomu.

Kwa atomu nzito zaidi nukta haiharibu msongamano tu. Nishati ya elektroni ya 1s katika mlinganyo huo ina kipeuo cha pili cha moja kutoa mraba wa chaji iliyogawanywa kwa 137. Ukifika elementi ya 138 unatafuta kipeuo cha namba hasi, na nadharia inakufunga mlango. Mlango huo ni wa nukta, si wa maumbile. Ukiweka kiini chenye ukubwa, hesabu huendelea hadi kupita elementi ya 170. Elementi nzito kuliko zote tunazozijua, oganeson, ni ya 118, kwa hiyo hakuna aliyekwama mlangoni bado.

Lakini kuna watu waliohesabu mihamo ya isoma kwa mlinganyo wa Schrödinger na kiini-nukta, wakapata majibu mazuri. Jambo hilo lilinisumbua hadi nilipolielewa. Mwaka 2002 Frank Neese alionyesha kwa mpangilio jinsi ya kufanya: hesabu msongamano wa misombo mingi ambayo mhamo wake umeshapimwa, chora grafu, pitisha mstari. Kosa la uhusianifu na la nukta karibu lote liko katika elektroni za ndani, na linakaribia kuwa uwiano uleule katika kila msombo, kwa hiyo mteremko wa mstari hulimeza. Njia hii ni halali, nami naitumia. Sharti lake ni moja: mteremko uliopatikana kwa seti moja ya fomula na nadharia moja hauhamishwi kwenda kwa nyingine. Nimeona makala zilizochapishwa ambazo mteremko umeazimwa kama jembe la jirani, na mhamo uliotabiriwa ukawa kando kabisa ya kipimo. Mwaka 2007 Michael Filatov alipendekeza njia nyingine ninayoiona safi zaidi: usihesabu msongamano kwenye nukta hata kidogo, badilisha nusukipenyo cha kiini kidogo, uone nishati ya elektroni inabadilika kiasi gani. Hapo ukubwa wa kiini hauwi marekebisho ya mwisho. Ndio kipimo chenyewe.

6. Soma kile programu inachokuuliza

Mtu akitaka kuona haya kwa macho yake, hana haja ya kompyuta kubwa. Kifurushi cha GRASP, kilichoandikwa kwa Fortran na kinachotolewa bure, huhesabu atomu mojamoja kwa nadharia ya Dirac, na atomu ndogo huisha kwenye kompyuta ya mapajani kabla umeme haujakatika. Hatua yake ya kwanza ni programu ya kutengeneza kiini. Inauliza namba ya atomu, halafu namba ya masi, na inakueleza kwamba ukiandika sifuri kwenye masi, kiini kitakuwa nukta. Mtu aliyezoea kubonyeza sifuri kwa maana ya "sijali" anakuwa ameshaamua jambo zito. Ukiandika masi halisi, inakupa nusukipenyo na unene wa ngozi ya kiini, femtomita 2.3, kisha inauliza kama unataka kuvibadilisha.

Soma namba hizo. Kuna kanuni ya mwaka 1985 ya Johnson na Soff inayokadiria nusukipenyo kwa kutumia masi peke yake. Kwa chuma-57 inatoa 3.79 wakati kilichopimwa ni 3.75, hapo hakuna ubaya. Kwa urani-238 ingetoa 5.75 badala ya 5.86, kwa sababu kiini cha urani hakijakaa kama tufe bali kimevutwa marefu. Pengo hilo peke yake ni takriban eV 5 katika elektroni ya 1s. Kwa heli-4 ingetoa 1.90 badala ya 1.678, ila kwa haki ya waandishi, kanuni haikutungwa kwa viini vyepesi kiasi hicho. Na heli ina kichekesho chake: heli-3, yenye neutroni moja pungufu, ina kiini kikubwa zaidi, femtomita 1.97. Chembe nne hushikana sana kuliko tatu. Hakuna kanuni ya masi itakayokuambia hilo. Jedwali la vipimo lililokusanywa na Angeli na Marinova mwaka 2013 ndilo ninalolifungua kwanza.

7. Umbo la ukingo lisikukoseshe usingizi

Tufe lenye ukingo mkali, mgawanyo wa Fermi wenye ngozi laini, au kengele ya Gauss? Kwa wanafunzi wangu hili huwa swali la kwanza, na kwa hesabu za kawaida ni la mwisho kwa umuhimu. Mradi nusukipenyo cha wastani ni kilekile, tofauti kati ya mifano hiyo ni ndogo sana ukilinganisha na tofauti kati yao na nukta. Visscher na Dyall walipanga jedwali la mifano hiyo mwaka 1997 kwa karibu elementi zote, na ukilipitia wasiwasi unaisha. Programu kama DIRAC hupenda Gauss kwa sababu ya urahisi wa hesabu. Kiini cha chuma hapo kinakuwa na kipeo cha karibu milioni 300 kwa vizio vya atomu, namba inayotisha hadi ukumbuke jinsi punje yenyewe ilivyo ndogo.

8. Joto nalo husogeza mstari

Hesabu yangu hukichukulia kiini kuwa kimetulia tuli. Katika maabara kinatetemeka, na chenye kutetemeka saa yake huenda polepole kidogo, kama uhusianifu unavyotaka. Mstari unasogea bila msongamano wa elektroni kubadilika. Kwa chuma, kutoka baridi ya nyuzi 4 juu ya sifuri kamili hadi joto la chumba, mhamo hushuka kwa kitu kama 0.1 milimita kwa sekunde. Fayalaiti ileile iliyosoma 1.16 mezani husoma karibu 1.3 katika baridi hiyo. Mtu asiyeandika joto kando ya namba yake anaweza kukisia kwamba chuma kimebadili hali, au akaanza kurekebisha nusukipenyo ili hesabu ifuate kipimo. Kwa sampuli za Ufipa naomba vipimo viwili, baridi na joto, kisha nalinganisha cha baridi na hesabu. Cha joto nakilinganisha na majedwali ya madini, kwa sababu mengi yamepimwa katika joto la chumba.